Mpima Damu Aliyemsemea Daktari wa Filamu

Ninyi mnaotia sauti kwenye filamu siku hizi, mmekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kompyuta mbele na soda pembeni, mkikosea mnafuta na kurudia. Nawaandikia mimi ambaye sikuwahi kufuta neno hata moja. Kwetu neno likitoka limetoka. Watazamaji walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mbele yetu, magoti yanagusa meza ya televisheni, na ukisema upuuzi unajibiwa palepale, wakati mwingine kwa ndala. Umri wa kustaafu sijaufikia. Kazi yenyewe ndiyo iliyostaafu, mimi nikabaki nimeshika maikrofoni. Tangu hapo nimekuwa mtu wa njiani: Tarime, Kahama, Mwanza, narudi Musoma, nikikaa kidogo miguu inawasha naondoka tena. Lakini kila ninapoingia mji wowote na kusikia sauti zenu zikitoka kwenye kibanda cha video, nasimama kusikiliza. Mnafanya vizuri. Mnaongea haraka mno, ila mnafanya vizuri.

Nataka niwaeleze kuhusu filamu moja. Na kabla ya filamu, niwaeleze aliyenifundisha.

Nilimaliza kidato cha nne Musoma wakati nchi imeanza kupumua. Nyuma yake ilikuwa miaka ya foleni, miaka ambayo mama yangu pale Kigera alifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na duka la nguo likawa na kaunta, muuzaji na mbao tupu. Kisha mipaka ikalegezwa, bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Sirari, na kila mwenye chumba kitupu akatafuta cha kukifanyia. Mzee Shabani, mfanyabiashara wa Musoma, alikuwa na chumba Bunda kilichokuwa duka la vitenge. Akaleta televisheni, deki ya video na jenereta. Madirisha akayaziba kwa magunia ya pamba ili mchana uwe giza. Hapo ndipo nilipoajiriwa, kazi yangu ikiwa jenereta.

Aliyekuwa anatafsiri ni mwanamke. Najua mtashangaa, maana hadi leo sijamwona mwingine. Aliitwa Nyangeta, mimi nilimwita Dada Nyangeta. Alikuwa karani kwenye ghala la pamba hadi ghala lilipopunguza watu. Kiingereza alikipata shule ya misheni. Sauti alizaliwa nazo. Akifanya mzee, unamwona mzee. Akifanya askari wa kizungu, mabenchi yanakaa wima. Alikuwa anatafuna tangawizi mbichi kabla ya onyesho, na ukimwambia inawasha anakujibu, "Ndiyo maana yake, mdogo wangu. Koo lisipoamka na mimi siamki."

Alinifundisha mambo ambayo hadi leo nikisikia mtu hayajui, nahuzunika. Alisema filamu uitazame kwanza bila sauti kabisa, uone nani anamwogopa nani. Ukishajua hilo, hata maneno ukikosa utapata ya kusema. Alisema usimwambie mtu kitu anachokiona: farasi akipita, usiseme "farasi anapita," watu siyo vipofu. Alisema mtu akilia kwenye filamu mwache alie, nyamaza, kunywa maji. Na kuhusu mashine, alinionyesha kusafisha kichwa cha deki kwa kitambaa cha khanga kilichochakaa, kimelowa spiriti kidogo. Siku moja spiriti ilikosekana Bunda nzima, nikatumia manukato yake. Picha ikawa safi kama maji, lakini ukumbi ulinukia harusi wiki nzima, na wanaume wazima walikuwa wanaingia wakinyoosha kola.

Kulikuwa na desturi yetu moja ambayo ninyi mmeiacha, na sijui kama mmekosea. Kila mtu kwenye filamu tulimpa jina la kwetu. Mzungu mwenye shamba anakuwa Wambura. Mama mkwe anakuwa Bhoke. Mto ukipita unakuwa Mto Mara. Watazamaji waliidai desturi hiyo. Akitokea mtu mpya bila kutajwa, utasikia kutoka nyuma, "Mpe jina huyo, anatembeaje hana jina?" Nyangeta alikuwa na sheria moja tu: mbaya wa filamu hapewi jina la mtu anayeishi. Jambazi alimwita Jambazi, basi. Sheria hiyo aliivunja mara moja, na kuvunjika kwake ndiko ninakotaka mkusikie.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, kaseti imechoka hadi pembeni pananyesha chenga. Inamhusu daktari anayeishi kwenye nyumba ya mawe juu ya mlima. Mke wake amekufa. Daktari haamini kufa. Anajifungia na vitabu na chupa, anasema atagundua namna ya kuirudisha damu iwe hai. Basi anashuka bondeni na kisanduku chake, anawatoa watu damu wakiwa wamelala, bila kuwauliza na bila kuwaambia chochote. Wanaamka wamelegea, hawajui kwa nini. Mwishowe anamwamsha mke. Mwanamke anafungua macho, lakini hamjui mumewe, hajui hata kwamba yeye ni nani. Daktari anamwogopa. Anamfungia chini ya nyumba, anarudi kwenye chupa zake. Zaidi ya hapo ni moto na kelele.

Tulizunguka na filamu hiyo, na nawaambia, kila mahali ilikuwa filamu nyingine. Buhemba, kwa wachimba dhahabu, daktari alishangiliwa. "Huyo ni mtu wa kwetu," walisema, "anachimba hadi apate." Walikasirika alipoungua. Butiama tulionyesha kwenye ukumbi wa kijiji, na mzee mmoja akasimama katikati ya picha akauliza, "Hao watu anaowatoa damu, kamati ya kijiji imekaa?" Nyangeta akamjibu kwa sauti ya daktari, "Bado haijakaa, mzee wangu." Mzee akasema, "Basi huyo hana kibali," akakaa chini, na ukumbi wote ukawa upande wake. Mimi nilicheka. Nilikuja kuona baadaye kwamba mzee yule ndiye aliyeielewa filamu mapema kuliko sisi tulioibeba.

Bunda ndiko ilikoharibika.

Wakati huo alikuwepo mtu mmoja aliyeitwa Mafuru, mpima damu, mtu wa maabara. Alikuwa na pikipiki na kisanduku cha bluu amekifunga nyuma kwa mpira. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya upande wa hifadhi ya wanyama, kule kwenye mbung'o, kupima watu ugonjwa wa malale. Watu walimwita Bwana Malale. Alikuwa mpole, mkimya, anavaa soksi ndefu.

Jumapili moja ukumbi umejaa, Nyangeta yuko moto, daktari wa filamu akatokea mlangoni na kisanduku chake. Kutoka mabenchi ya nyuma mtu akapiga kelele, "Mpe jina." Na Nyangeta, bila kufikiri, akasema, "Ee, Bwana Malale kafika na kisanduku chake."

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje kufuta machozi. Na mtafsiri ni mtu, akichekewa hivyo anaendelea. Filamu nzima daktari alikuwa Bwana Malale. Bwana Malale anadunga, Bwana Malale anaficha chupa, Bwana Malale anamfungia mke wake. Tuliirudia Jumapili nyingine kwa kuombwa, na nyingine tena.

Kwenye benchi la mbele, mojawapo ya Jumapili hizo, alikuwa amekaa kaka yake Nyangeta, Magesa.

Magesa alikuwa mkulima wa pamba kwenye kijiji cha upande ule wa hifadhi. Mtu mkubwa wa kazi, mtu wa kubeba robota la pamba bila kuomba msaada. Lakini siku hizo alikuwa amebadilika. Mkewe Rebeka alikuja ukumbini katikati ya wiki, hakuna onyesho, akakaa kwenye benchi tupu akamweleza Nyangeta, mimi nikiwa naifungua jenereta pembeni.

"Wifi, kaka yako analala," alisema.

"Si amechoka. Msimu wa palizi."

"Siyo kuchoka. Analala na tonge mkononi. Alikuwaga mtu wa kuamka kabla ya jogoo, sasa jua likiwaka yeye amelala, usiku yuko macho anazunguka nyumba, anaongea na ng'ombe. Kichwa kinamuuma. Juzi amenitukana. Magesa hajawahi kunitukana toka anioe."

"Mnasemaje kijijini?"

"Wanasema amerogwa. Mimi nasema ni malale. Nimemwambia twende akapimwe." Rebeka akamtazama wifi yake. "Anasema kwa Bwana Malale haendi. Anasema umeonyesha mwenyewe hapa anachowafanyia watu. Anasema, 'Dada yangu mwenyewe kaniambia.'"

Nyangeta aliiweka tangawizi yake mezani.

Kesho yake tulipanda gari la mizigo tukaenda. Tulimkuta Magesa amekaa chini ya ukuta, kidevu kifuani. Nyangeta akampigia goti, akamwita. Akaamka polepole kama mtu anayetoka kwenye maji.

"Kaka, ile ilikuwa mchezo. Nilikuwa nawachekesha watu."

"Sindano ya mgongoni ni mchezo?"

"Sindano gani?"

"Wanakudunga mgongoni, wanavuta maji ya uti. Nimeuliza. Wanafanya kweli." Alikuwa anaongea kwa kuvuta maneno. "Walikuja mwaka jana shule ile pale, wakawatoa watoto damu na sisi wazazi wengine. Mpaka leo hakuna aliyerudi kusema damu ile imesema nini. Ilikwenda wapi? Wewe filamu yako imenijibu."

Nawaambia ukweli, alikuwa anasinzia katikati ya sentensi, lakini hoja yake ilikuwa imesimama.

Tuliporudi Bunda, kesho yake pikipiki ikasimama mlangoni. Mafuru akaingia, soksi zake zina vumbi, kioo cha taa ya mbele kimevunjika. Alikuwa amepigwa mawe njiani na watu wanaomjua kwa jina. Nilidhani amekuja kugombana. Akasema, "Dada, samahani. Nimekuja kuiona filamu yangu."

Nikawasha jenereta, tukaitazama watatu, sauti imezimwa, jinsi Nyangeta alivyonifundisha. Mwanzoni Mafuru alicheka. "Hiyo sindano ni ya ng'ombe," alisema. Baadaye akaacha kucheka. Daktari alipoanza kutembea bondeni akiwatoa watu damu wamelala, akasogea mbele kwenye benchi. Mwisho wa kaseti alikuwa amekunja mikono.

Nyangeta akamwambia, "Nimekukosea, kaka. Nimekutumia kuchekesha watu, na sasa ndugu yangu anakufa kwa kukuogopa wewe."

"Umenikosea," Mafuru akasema. "Lakini hujadanganya sana."

"Una maana gani?"

"Damu ya shule ile. Tulipima, majibu tukayapeleka ofisini Musoma."

"Na kijijini?"

"Kijijini hatukurudi. Mafuta ya gari yalikosekana, halafu tukasahau."

"Kwa hiyo majibu yalifia Musoma."

"Yalifia Musoma." Akaitazama televisheni iliyozimwa. "Mimi nilikuwa nafikiri kujua ndiyo kazi. Nikishajua mimi, imekwisha."

Akatueleza kwamba malale ya huku kwetu haisubiri. Siyo ile ya kukaa na mtu miaka. Ikishaingia kichwani, mtu ana miezi, pengine wiki. Alipoelezwa hali ya Magesa, alisema haraka inatakiwa, ila kumbeba kwa nguvu hatambeba. "Nikimfunga kamba nitakuwa huyo wa kwenye filamu."

Wazo lilikuwa la Nyangeta. Alimwambia, "Jumapili njoo umsemee daktari wewe. Mimi nitawasemea watu wa bondeni."

"Mimi sijui kuigiza."

"Usiigize. Ukiulizwa, jibu."

Nyangeta aliandaa onyesho lile kama mtu anayeandaa msiba. Akatuma watu kijijini waje, akamlipia Magesa gari. Rebeka alimleta amemshika mkono, akamketisha mbele, na kazi yake ikawa kumbana kiwiko kila kichwa kinapoanguka. Watu walipomwona Mafuru amesimama kando ya televisheni na maikrofoni, ukumbi ulinguruma. Mmoja akasema, "Leo amejileta mwenyewe." Mwingine akasema, "Shika mifuko, shika na mishipa."

Picha ikaanza. Daktari akatokea. Mafuru, kwa sauti yake ileile ya upole, akasema, "Naitwa Mafuru. Mimi siyo daktari, ni mpima damu." Watu wakacheka kidogo.

Daktari akashuka bondeni. Nyangeta akasema kwa sauti ya mama mmoja wa bondeni, "We Mafuru, unataka nini na damu yangu?"

"Nataka kuangalia kama kuna mdudu wa malale."

"Na usipomwona?"

"Nitakuja kukwambia hayupo."

"Mbona mwaka jana hukuja?"

Hilo halikuwa swali la kwenye filamu. Mafuru akashusha maikrofoni, akaipandisha tena. "Sikuja. Ilikuwa haki yenu, na mimi sikuja. Majibu ya shule nimeyafuata Musoma juzi. Ninayo hapa. Tukimaliza, kila mzazi nitamwambia la mtoto wake, yeye peke yake, pale nje."

Sasa hakuna aliyekuwa anatazama picha peke yake tena. Macho yalikuwa yanatoka kwenye kioo yanakwenda kwa Mafuru, yanarudi. Wakawa wanauliza wenyewe, Nyangeta hana kazi. Mnauzaga damu? Hatuuzi. Kwa nini mnavuta maji ya mgongo? Kwa sababu mdudu akikimbilia kichwani, kwenye damu tunaweza tusimwone, kwenye maji hayo tunamwona. Inauma? Inauma. Nani alikufundisha? Mwalimu wangu wa maabara, na yeye alinidunga mimi kwanza kidoleni kabla hajaniruhusu kumdunga mtu.

Ikafika sehemu ile mwanamke anafungua macho, daktari anarudi nyuma, anafunga mlango wa chini. Kwenye kaseti daktari anasema maneno mengi hapo, anajitetea. Mafuru hakusema kitu. Deki inazunguka, midomo ya daktari inacheza.

"Sema, bwana," mtu akamwambia.

"Hapa sina la kusema," Mafuru akajibu. "Amemwamsha mtu, amemwona anatisha, amemwacha peke yake. Hapa mimi nisingemtetea."

Magesa akanyanyua kichwa. Rebeka hakuwa amembana kiwiko.

"Na mimi," alisema, sauti nzito, "ukinidunga huo mgongo, utaniacha wapi?"

Mafuru akazunguka meza, akaenda akachuchumaa mbele yake. Maikrofoni aliisahau mezani, lakini wote tulisikia.

"Sitakuacha, kaka. Lakini sikudanganyi. Kama mdudu amefika kichwani, dawa yake ni kali. Ni dawa yenye sumu ndani yake. Wengi inawaponya. Wengine inawaua yenyewe, na hatujui kabla ni nani. Nikikuahidi utapona nitakuwa nakudanganya. Bila dawa, utakufa. Hilo ndilo ninalolijua, halafu hapo elimu yangu inaishia."

Nimewasikia watu wengi wakisema kwenye maikrofoni, na mimi mwenyewe nimesema maneno mengi mazuri ambayo siyakumbuki. Haya nayakumbuka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia mtu aliyesoma akionyesha ukingo wa elimu yake, mahali inapoishia, bila kuona aibu.

Magesa akainamisha kichwa, tukadhani amelala tena. Halafu akasema, "Nitoe. Ila hapahapa. Na mimi niione."

"Uione nini?"

"Hiyo damu. Niione na mimi unachokionaga wewe."

Mafuru akanitazama mimi akasema, "Zima jenereta, ndugu yangu. Toa magunia dirishani."

Nilizima. Nikayang'oa magunia ya pamba, jua likaingia ukumbini, vumbi linaelea, watu wanakunja macho. Akaenda kwenye pikipiki akaleta kisanduku cha bluu, na hadubini iliyokuwa imefungwa kwenye taulo. Televisheni ya Mzee Shabani tuliiweka chini sakafuni, hadubini ikakaa mahali pake. Ilikuwa ya zile zenye kioo chini, unakigeuza kinakamata mwanga wa dirishani. Akamdunga Magesa kidoleni, akaweka tone kwenye kipande cha kioo, akainama akatafuta, akageuza, akatafuta. Akanyanyuka, hakusema alichokiona. Akampisha.

Magesa aliinama. Rebeka alimshika mabega asianguke. Akaangalia kwa muda.

"Wanacheza," akasema.

"Vile vya mviringo vilivyotulia ni damu yako," Mafuru akamwambia. "Kinachoruka katikati, kama kamba inayojipiga, ndiye yeye."

"Huyu ndiye ananilaza?"

"Ndiye."

Magesa akaendelea kuangalia. "Mdogo hivi," alisema. Halafu akanyooka, akamgeukia dada yake. "Njoo uone, Nyangeta. Wewe ulisema damu inafichwa kwenye chupa."

Nyangeta akaangalia, machozi yakaangukia kwenye hadubini, Mafuru akayafuta kwa taulo kwa upole. Baada yake ukumbi mzima ukapanga foleni. Tulikuwa watu tuliokulia kwenye foleni, tulijua kuipanga. Mafuru alimwuliza Magesa kama anaruhusu, akasema, "Waone. Labda na wao wanaye." Hakuna aliyedai kiingilio chake wala kuuliza filamu inaishaje. Nje, Mafuru aliwapa wazazi majibu ya watoto wao, mmoja mmoja. Jioni hiyo wengine walinyoosha vidole wenyewe.

Magesa alipelekwa hospitali, na maji ya mgongo yalionyesha kwamba mdudu amekwisha kufika kichwani. Akaanzishiwa ile dawa kali. Sitawapamba hapa. Ilimchoma kwenye mshipa, ilimtetemesha, kuna siku hakumtambua dada yake, na Nyangeta alitoka nje ya wodi akakaa kwenye ngazi. Mafuru alikuwa anakuja kila alipotoka kazini. Hakuwa na kazi pale, yeye ni wa maabara. Alikuwa anakaa tu kwenye kona ya kitanda, anamweleza Magesa kwa Kijita, lugha ya kwao, kila kinachofanyika, hata siku ambazo Magesa hakuonekana kusikia.

Vijana wangu, filamu za aina hiyo bado mnazitafsiri, naziona. Daktari anajifungia, anatafuta asichoruhusiwa, nyumba inaungua. Zinatisha vizuri, na watu wanapenda kutishwa, zitafsirini. Ila mkifika kwa yule mwenye kisanduku, kumbukeni kwamba na ninyi mna kisanduku. Mnaingia vichwani mwa watu mkiwa gizani, mnaweka kitu, mnaondoka. Nyangeta hakuniambia hivyo. Alichonifanyia ni kurudi kule alikokuwa ameweka kitu, akakitoa mbele ya watu, kwa mikono yake. Ninamshukuru kwa hilo kuliko kwa sauti zote alizonifundisha. Namshukuru na Mafuru, popote alipo na soksi zake. Namshukuru yule mzee wa Butiama aliyeuliza kibali.

Siku ya mwisho niliyokwenda hospitali nilikwenda na Nyangeta, mchana wa jua kali, saa ambazo kwa wiki nyingi Magesa alikuwa hawezi kuinua kope. Tulimkuta ameketi kitandani, amekonda, mkono wa kushoto bado unatetemeka kidogo, macho yako wazi kabisa. Kwenye mkeka sakafuni, kichwa kimeegemea mguu wa kitanda, Rebeka alikuwa amelala fofofo, uji umepoa pembeni yake. Nyangeta akainama amguse bega.

"Mwache," Magesa akanong'ona. "Hii ni zamu yangu."

Akaipunga khanga ya Rebeka taratibu, kufukuza nzi usoni mwa mkewe, na sisi tukasimama mlangoni tukimtazama mtu aliye macho.